Mtoto hasemi kwa sababu anaogopa kunyang'anywa simu

Mhariri, naomba kanafasi nami niseme langu. Kila siku wazazi tunaambiwa kagua simu ya mtoto, weka programu ya kumbana, sawa sikatai, ila kuna jambo halisemwi na mimi nimelijua baada ya kuungua.

Binti yangu akiwa na miaka 12 aliniletea simu mwenyewe, mama hebu ona huyu, wamekutana kwenye gemu, anajiita mtoto wa miaka 13, anataka wahamie WhatsApp halafu anataka picha. Mimi badala ya kumsikiliza nikafoka weee, simu nikaifungia kabatini mwezi mzima na nikajiona mzazi kweli kweli. Kumbe nimemfundisha kwamba ukisema unaadhibiwa. Alipokuja kusumbuliwa na mwingine hakuniambia, nilikuja kusikia kwa binamu yake wiki tatu zimeshapita.

Na hao watu wanalijua hilo jamani, ndo mtaji wao. Anaanza na sifa, anampa vizawadi vya kwenye gemu, anamtoa kwenye chati ya wote wanaenda pembeni, kisha "usimwambie mtu". Akishapata picha moja ya utupu anageuka, anataka nyingine au hela la sivyo anaisambaza kwa marafiki wote. Mtoto anapiga hesabu, nikimwambia mama simu imekwenda na kipigo juu, anaona bora ampe huyo anachotaka.

Sasa nimemwambia wazi, hata kama kosa ni lako, hata kama picha umeshatuma, simu haichukuliwi, njoo. Usilipe maana ukilipa anarudi tena, usifute meseji, piga skrinishoti kwanza ndo uripoti na kumbloku. Na kuna huduma ya bure, Take It Down, ya mwaka 2023, kwa picha za utupu ulizopigwa ukiwa chini ya miaka 18, inatengeneza kitu kama alama ya dole gumba ya ile picha humohumo kwenye simu, picha yenyewe haiendi popote, mitandao iliyojiunga inatumia hiyo alama kuisaka na kuitoa.

Halafu umri, hapa naomba tusidanganyane. Instagram na TikTok wanataka miaka 13, na sisi wenyewe ndo tunawaandikia watoto mwaka wa uongo (nami nimo), matokeo yake akaunti inamhesabu mtu mzima na ile mipangilio ya kuwalinda vijana inampita kando.

Maongezi yenyewe si ya kumkalisha kama mahakamani. Sisi tunaongea tukikunja nguo, namwambia nifundishe hilo gemu lako, ananicheka navyokufa kila dakika, huku anasimulia nani kamwandikia nini.

Juzi kaja tena na simu mkononi. Moyo ulinienda mbio na mkono uliwasha kuinyakua, nikaukalia. Nikamwambia haya, nisomee.

Mama msomaji wenu