Hamsini isiyo na mwisho barabara kuu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vibao vya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, hasa kile cha 50.

Mwendo wa 50 wenyewe sina ugomvi nao. Vijiji vyetu vimejipanga kandokando ya lami, watoto wanavuka kwenda shule, bodaboda wanaingia barabarani bila kugeuza shingo. Anayetaka kupita hapo na 80 ana lake jambo. Ninachouliza ni hiyo hamsini inaishia wapi.

Sheria inaeleweka. Mabasi na malori ya zaidi ya kilo 3,500 mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi magari yote ni 50. Kibao cha duara chenye ukingo mwekundu kinakupokea unapoingia kijijini, na unapotoka kinatakiwa kingine kinachoonyesha 50 iliyokatwa, ndipo ukanyage mafuta. Sasa pita mwenyewe uangalie. Vijiji vingi cha kuingilia kipo, cha kutokea hakipo. Pengine kiligongwa na lori kikalala kwenye nyasi, pengine kilishapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, pengine hakikuwekwa tangu mwanzo. Dereva anaipita nyumba ya mwisho, anapita mashamba ya alizeti, anaingia pori, na kwa hesabu ya vibao bado yuko kijijini.

Afanyeje? Akibaki na 50 abiria wanapiga kelele kwamba wanacheleweshwa, na wenye malori nyuma yake wanaanza kumpita kwenye kona. Akiongeza, mbele chini ya mti kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, na faini ni shilingi 30,000. Akijitetea kwamba nyumba zimeshaisha, anaulizwa: "Kibao cha kuruhusu umekiona wapi?" Hakukiona, kwa sababu hakipo. Analipa.

Faini inauma, lakini kuna baya zaidi. Madereva wengi wameacha kusoma vibao, wanasoma taa. Anayekuja akikuwashia taa, unajua tochi ipo, unashuka hadi 50 hata kama ni porini. Asipowasha, kijiji kinapitwa na 80 na shule iko pale pale. Kibao kilichowekwa kumlinda mtoto kimegeuka kuwa habari ya kukamatwa na kutokamatwa. Sidhani kama tochi nyingi zaidi zitaondoa tabia hiyo, maana dereva ameshajifunza kwamba vibao vinasema uongo.

Vinasema uongo kweli. Kuna vya matuta mahali ambapo matuta yalishachongwa, halafu unakutana na tuta bichi lisilo na kibao wala rangi, mizigo yote inaruka. Mkandarasi anamaliza kazi, anaondoa mitambo, anaacha kibao cha mchepuko kikielekeza magari kwenye shamba la mtu. Mgeni usiku anakifuata. Vingine vimepauka na jua hata ule wekundu umekuwa mweupe, na vingine vimebandikwa matangazo ya waganga wa mapenzi na mali iliyopotea. (Hao waganga wangesaidia kwanza kutafuta vibao vilivyopotea.)

Na vipo vilivyozama kwenye matawi ya miembe. Kwa mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Kibao ukikiona kikiwa mita 40 mbele, umebakiwa na sekunde mbili zisizotimia. Basi lililojaa watu haliwezi kushuka hadi 50 kwa muda huo, labda dereva awaangushe abiria viti vya mbele. Kwa hiyo anaingia kijijini na mwendo wa kosa, ingawa alikuwa na nia ya kutii.

Ninaloomba halihitaji fedha za mkopo. Kabla askari hajasimama na tochi, ahakikishe vibao vyote viwili vya kijiji hicho vimesimama na vinaonekana. Kama cha kutokea hakipo, asipime mwendo upande huo hadi kiwekwe. Mkandarasi asimaliziwe malipo yake hadi vibao vyake vya muda viondoke barabarani. Wanaolipwa kukata nyasi za kando ya barabara wafyeke na yale matawi. Kwa vijiji vilivyokua hadi kukipita kibao chake, kisogezwe, kazi ya saa chache.

Tena ziko namba za simu zilizobandikwa ndani ya mabasi ili abiria amripoti dereva anayekimbia. Ni jambo zuri. Dereva naye anapoona kibao kimelala mtaroni ampigie nani? Namba hiyo ingeandikwa nyuma ya kila nguzo ya kibao, pamoja na namba ya nguzo yenyewe, sisi tunaopita kila siku tungekuwa wakaguzi wa bure.

Dereva wa masafa marefu,
Makambako.