Njia za kutembea zipo, tatizo kuzijua

Mhariri, naomba kanafasi. Watu wanalalamika hakuna pa kutembea wakati hawajatafuta. Fungua OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, kwenye simu, vuta karibu mpaka uone vile vistari vya kukatikakatika, hizo ndo njia za miguu, alafu kaulize wanaopita hapo kila siku maana ramani haikwambii daraja limeoza. Muda nao upigie hesabu ya yule Mskoti mpanda milima, Naismith, ya mwaka 1892, kilomita 5 kwa saa, ongeza saa nzima kila mita 600 za kupanda. Mi juzi niliidharau nikatoka msituni giza totoro, simu asilimia 4! Sasa gazeti lenu si litoe njia moja tu kila wikiendi, na mseme kama kuna matope?