RISALA YA WAHITIMU WA STASHAHADA YA MAENDELEO YA JAMII KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAHAFALI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Bodi ya Ushauri, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu mazito ya taifa ukaja kushiriki furaha yetu. Karibu sana.

Chuo hiki kilianza na kozi fupi za akina mama wa vijijini, kikapanda hadi astashahada, na leo kinatoa stashahada, ngazi ya 6 katika tuzo za NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mafanikio ni makubwa. Timu yetu ya netiboli imeshika nafasi ya pili katika michezo ya vyuo vya jirani, bustani yetu inalilisha bwalo zima mboga, na vijiji vinavyotuzunguka vimepata majiko banifu na vyoo bora kwa mikono ya wanachuo waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Kuhusu uchakavu wa bweni la wasichana na gari la chuo, uongozi utakuletea kwa maandishi. Sisi tumesimama hapa kwa jambo moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba chuo hiki kiruhusiwe kufundisha Shahada ya Kwanza ya Maendeleo ya Jamii.

Kazi tunayosomea unaijua. Halmashauri inapotenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, anayekwenda kijijini kuviunda vikundi, kuvifundisha kutunza hesabu na kufuatilia marejesho ni mtu wa maendeleo ya jamii. Wengi wetu tutaifanya kazi hiyo kwa ngazi ya usaidizi, na tutaifanya vizuri. Lakini nafasi ya afisa ikitangazwa, sharti la kwanza ni shahada. Dada zetu waliohitimu hapa miaka ya nyuma wanawaelekeza kazi maafisa wapya, kisha wanaachwa palepale maafisa hao wanapopandishwa daraja.

Tutaambiwa twende Tengeru. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru tunaiheshimu, na ndiyo ushahidi wetu kwamba jambo hili linawezekana ndani ya sekta yetu. Ila Tengeru iko Arusha. Mama mwenye watoto watatu na shamba, ambaye hapa amesoma akirudi nyumbani kila jioni, hawezi kuhamia Arusha miaka mitatu. Huyo hakukosa akili wala juhudi, na ndiye hasa anayeijua jamii tunayotaka iendelee.

Hatuombi kuitwa chuo kikuu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) si vyuo vikuu, na shahada wanatoa. Chuo cha Ufundi Arusha hali kadhalika. Wapo wanaohofu kwamba shahada zikitolewa kila mahali zitapoteza thamani. Hofu hiyo tunaielewa, na jibu letu ni kwamba tukaguliwe kwa vigezo vilevile wanavyokaguliwa wenzetu: mtaala, walimu wenye shahada ya uzamili, maktaba, maabara ya kompyuta. Tukipungukiwa, tuandikiwe tumepungukiwa nini.

Hilo la kuandikiwa, Mheshimiwa, tunalisisitiza kwa unyenyekevu mkubwa. Ombi hili halisomwi leo kwa mara ya kwanza. Kaka na dada zetu walilisoma mbele ya wageni rasmi waliokutangulia katika kiti hicho. Mmoja alisema amelichukua, tukampigia makofi. Mwingine aliahidi ujumbe wa ukaguzi. Ujumbe ulifika, ukapima madarasa, ukasaini kitabu cha wageni, na mpaka leo hatujapata jibu, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa. Rasimu ya mtaala waliyoiandika walimu wetu usiku, bila posho, ingali kabatini kwa Mkuu wa Chuo. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu kila mwaka kundi jingine linavaa majoho, linashangilia ahadi na kuondoka.

Kwa hiyo tunakuomba mambo mawili kabla hujaondoka. Kwanza, upokee nakala ya rasimu hiyo mkononi mwako, hapa mbele ya wazazi. Imeandaliwa na iko mezani pako. Pili, umteue msaidizi wako mmoja ambaye Mkuu wa Chuo atawasiliana naye, na ututajie mwezi ambao tutarajie majibu kwa barua. Hata jibu likiwa hapana, tutashukuru, maana walimu wetu watajua pa kuanzia.

Tunakutakia afya njema na safari salama.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu