Tuwaachie vipepeo pa kutagia

Mhariri,

Oktoba iliyopita kipepeo wa monaki alitua kwenye kamba yangu ya nguo hapa Texas, bawa moja limechanika pembeni. Alikuwa akielekea misitu ya milimani Michoacán, Meksiko. Wengine hutoka mbali, huko Kanada, kilomita 4,000 hivi, na njia hawajaonyeshwa na yeyote!

Majira ya baridi ya 1996–97 vipepeo hao walifunika hekta 18 hivi za misitu hiyo. Ya 2023–24, hekta 0.9 tu. Viwavi wao hula magugu ya jamii moja, yale yenye utomvu mweupe kama maziwa, nasi tunayaua kwa dawa. Nawaomba wakuu wa kaunti wasifyeke magugu hayo kando ya barabara Machi na Aprili, vipepeo wanaporudi kutaga.

Msomaji wenu,
Texas, Marekani