Kugawa faili la Python kusiwavunjie wengine programu zao

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeshauri, katika ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba faili la Python (lugha ya kuandikia programu) likizidi mistari elfu moja ligawanywe bila kusita. Kugawa nakubali, ninachopinga ni huko kutosita, kwa kuwa faili hilo lina wategemezi, yaani programu nyingine zinazoyaita majina yake kwa amri ya import.

Njia iliyozoeleka ni kufungua folda yenye jina lilelile, kuipanga kazi katika mafaili madogo ndani yake, kisha kuweka humo faili la __init__.py linaloyaita majina yote ya zamani kutoka yalikohamia. Aliyeandika "from malipo import kokotoa_riba" hatajua kwamba kuna kilichohama. Faili la zamani lifutwe, maana vikikaa pamoja Python huchukua folda na kuliacha faili, nawe utalihariri mchana kutwa usione badiliko lolote (nimeyaonja hayo). Majina yanayoanza kwa mstari wa chini (_) yatajwe moja moja, kwa sababu import ya nyota (from malipo import *), inayoita majina yote kwa mkupuo, huyaruka, na wapo wanaoyatumia ingawa hawakupaswa.

Hata hivyo, hata majina yote yakibaki, kila klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) hubeba anwani ya faili ilimoandikwa. Watunzaji wa Python wenyewe yaliwakuta katika pathlib, moduli (faili la kuitwa kwa import) inayoshughulikia njia za mafaili, yaani mahali yalipo kwenye kompyuta: toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, liliigeuza moduli hiyo kuwa folda na kuzihamishia klasi zake katika faili la ndani liitwalo _local.py. Amri za import hazikudhurika, lakini njia za mafaili zilizohifadhiwa kwa pickle (chombo cha Python cha kuhifadhi vitu vya programu ili vifunguliwe baadaye) katika 3.13 ziliandikwa kwa anwani mpya, ambayo toleo la 3.12 haliijui, likashindwa kuzifungua. Toleo la 3.14 lilizirudisha klasi hizo katika __init__.py, na bado linalibeba faili la _local.py, kwa ajili tu ya kufungua vilivyohifadhiwa na 3.13.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, mwenzangu aandike jaribio linaloita kila jina la zamani na kufungua kitu kilichohifadhiwa kabla ya mgawanyo, kisha alirudie baada ya kugawa, na upande wa pili pia: kitu kilichohifadhiwa na programu mpya kifunguliwe na ile ya zamani.

Mwandishi wa programu,
Dar es Salaam