Jaji amalize kesi kwanza ndio ahamishwe

Mhariri, salaam aleikum.

Juzi tuko barazani hapa Majengo na kahawa yetu, mpwa wangu anayesomea sheria akatupa stori ya jaji mmoja wa Marekani, marehemu Constance Baker Motley, na tangu siku ile sijatulia.

Huyu mama babake alikuwa mpishi tu, mtu wa kisiwa cha Nevis. Kabla ya ujaji alikuwa wakili, alisimama Korti ya Juu ya kwao mara 10 akashinda 9, na ndiye aliyempigania kijana mweusi James Meredith mpaka akaingia chuo kikuu cha Mississippi, kilichokuwa cha wazungu, 1962. (Bosi wake Thurgood Marshall ndo yule aliyewasaidia wakina Tom Mboya kwenye mazungumzo ya katiba yetu ya Kenya kule London 1960, vijana hawayajui haya.) Rais Johnson akampendekeza Januari 1966, seneta wa huko huko Mississippi akamwekea vikwazo, mpaka Agosti ndio akapita, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, yaani wa korti za serikali kuu ya Marekani.

Sasa kilichonishika mimi ni kwamba aliingia korti ya shirikisho ya New York 1966 akabaki jaji hapo hapo hadi alipofariki 2005. Miaka 39! Kule jaji wa shirikisho hastaafishwi kwa umri, kwetu katiba inasema 70 basi, na hilo sina neno, mtu akapumzike na wajukuu. Neno langu ni uhamisho.

Sisi tuna kesi ya kiwanja cha babu, jaji wa kwanza alimsikiza ami yangu asubuhi nzima, mzee wa miaka 80 na kitu, kasimama na bakora yake anaeleza mwembe uliokuwa mpaka. Jaji akamuuliza, mwembe gani, dodo au boribo? Ami akacheka, akasema boribo mheshimiwa, dodo uko kwa jirani. Jaji akaandika. Baada ya miezi jaji kapelekwa bara, akaja wa pili, wakili wa wale wenzetu akataka mashahidi waanze upya na ami ashazikwa, yule naye akahamishwa kabla hajaamua, sasa tuko na wa tatu anasoma mwandiko wa mtu asiyemjua kuhusu mzee ambaye hakumuona akicheka.

Najua jaji akikaa sana mahali pamoja watu humzoea na mazoea yana taabu zake, haya, ahamishwe. Lakini kesi ambayo ashasikiza mashahidi aachiwe aimalize, si tangu korona korti zetu zinasikiza kesi kwa simu na kompyuta, hukumu aisome hata akiwa Kisumu.

Yetu inatajwa tena mwezi ujao. Mwembe wenyewe ushakatwa.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa