Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wahitimu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu yako mazito. Karibu sana.

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache. Leo ina wanachama katika vidato vyote. Tunajifunza SQL, lugha ya kuuliza na kutunza data iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, wakaitangaza mwaka 1974. Tumepata mafanikio makubwa: tumeunda mfumo wa kisasa wa maktaba, wenye jedwali la vitabu na jedwali la waazimaji. Ukiyaunganisha kwa JOIN, jina la aliyechelewesha kitabu linatoka papo hapo.

Mheshimiwa, changamoto tunazo nyingi, lakini leo tunaleta moja. Hayo yote yamefanyika kwenye kompyuta mpakato moja, nayo ni mali ya mwalimu mlezi. Wengi wetu tunaandika amri daftarini na kusahihishiwa kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi akiandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, akasahau WHERE, sehemu inayotaja ni nani wabadilishiwe, daftarini anakatwa alama moja tu. Kwenye kompyuta angeona shule nzima imehamia Kidato cha Pili, na asingesahau tena. ROLLBACK nayo, inayofuta mabadiliko kabla hayajathibitishwa, tunaikariri bila kuiona ikifanya kazi.

Mwaka juzi, katika uwanja huu huu, tuliahidiwa kompyuta kumi. Tulipiga makofi na vigelegele. Wazazi wakachanga, chumba kikatiwa nondo madirishani, meza zikachongwa, soketi zikafungwa. Barua zetu za kukumbusha zimegongwa mhuri wa kupokelewa, majibu hatujayapata. Meza zile sasa zimebeba madaftari ya zamani, na wahitimu unaowaona mbele yako wanaondoka bila kuzikalia. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa, lakini inatuuma.

Hatuombi vya gharama kubwa. SQLite, programu ya hifadhidata tunayoitumia, hailipiwi, haihitaji seva wala intaneti, na hifadhidata nzima hukaa ndani ya faili moja. Kompyuta kumi zilizokwishatumika maofisini zitatutosha kabisa. Fomu ya makabidhiano ipo hapo meza kuu, imebaki nafasi ya tarehe na saini. Tunakuomba kwa unyenyekevu uijaze leo, kabla ya kuondoka.

Tunaomba kuwasilisha.